Mrututu umepungua gramu 0.72 badala ya 0.90: maji mengine yako wapi?

Mshika_Mizani aliuliza:
Ndugu zangu, nilipima gramu 2.50 za mrututu, yaani salfeti ya shaba yenye molekuli tano za maji, nikauweka katika oveni ya nyuzi 120 za Selsiasi kwa saa mbili. Ulibaki unga mweupe wenye ubuluu kwa mbali, wa gramu 1.78. Kwa kuwa maji ni asilimia 36 ya uzito wa fuwele hizo, nilitarajia zipungue gramu 0.90. Niliurudisha kwa saa moja zaidi, uzito haukubadilika. Je, mizani ndiyo mbovu, au mrututu una uchafu?

Binti_Maabara alijibu:
Mizani yako ni nzima. Gramu 2.50 za mrututu ni moli 0.01 (moli ni kipimo cha idadi ya molekuli), ukigawanya 0.72 kwa 18, yaani gramu za moli moja ya maji, unapata moli 0.04, kwa hiyo zimetoka molekuli nne kamili na moja imebaki. Maji ya fuwele hayakushikwa yote kwa nguvu moja: molekuli nne huizunguka ayoni ya shaba, na ya tano hushikwa kwa vifungo vya haidrojeni karibu na salfeti. Ukipasha moto, mbili hutangulia, mbili hufuata kwenye nyuzi 100 na kidogo, na ya mwisho haibanduki mpaka joto lipite nyuzi 200. Kwa nyuzi 120, hata ungeuacha humo usiku kucha, ungekuta gramu zilezile 1.78.

Mwalimu_Mstaafu alijibu:
Bila shaka, ila usikimbilie mwali wa gesi. Wanafunzi wangu wakiambiwa waongeze moto walikuwa wakiufungulia wote, na muda si muda weusi unaonekana chini ya kikombe. Hiyo ni oksidi ya shaba: karibu nyuzi 650 salfeti yenyewe huvunjika, oksidi za salfa hutoka, na hapo hesabu ya maji imeharibika. Tena usiupozee mezani, hasa kama uko pwani, maana unga huo hunyonya unyevu wa hewa huku ukiutazama.

Mshika_Mizani alijibu:
Shikamoo Mwalimu, na ahsante Dada. Nimeupasha kwa nyuzi 250, nikaupozea ndani ya chombo kilichofunikwa chenye silika jeli, zile chembe za kunyonya unyevu. Ubuluu umekwisha kabisa, na mizani imesoma 1.60.