Naomba ushauri: vidonge vya vimeng'enya kwa tumbo linalojaa gesi

Habari zenu wakuu. Mama yangu, miaka 63, akinywa chai ya maziwa au akila maharage tumbo linajaa gesi na kuunguruma, usiku halali. Mtindi haumsumbui kabisa, ndiyo maana nahisi tatizo ni laktosi (sukari ya maziwa), kwani bakteria wa mtindi huwa wameshaipunguza. Maharage tunaloweka usiku kucha na maji tunamwaga, nafuu ni kidogo tu.

Duka la dawa wanatushauri vidonge vya mchanganyiko wa vimeng'enya, yaani vitu vinavyosaidia kumeng'enya chakula: amilesi, protesi, lipesi na laktesi. Bei imechangamka kweli. Ninavyojua, laktesi ndiyo inayovunja sukari ya maziwa, na humezwa pamoja na maziwa yenyewe. Gesi ya maharage inataka kimeng'enya kingine, alfa-galaktosidesi, na kwenye kopo lile haimo. Sasa lipesi, ya kumeng'enya mafuta, ya nini, wakati mafuta hayamsumbui?

Aliyewahi kutumia laktesi peke yake, ilimsaidia? Kwa Dar inapatikana? Halafu mama ana kisukari, anatumia metformin, nayo huleta gesi kwa baadhi ya watu. Hajapungua uzito wala choo hakina damu. Nimpeleke kwanza kwa daktari wake kabla ya kununua chochote?