Naomba msaada: nina CFI (cheti cha mwalimu wa urubani), naweza kufundisha marubani wa mashirika?

Habari zenu wakuu. Nipo Marekani, nina CFI na masaa kama 1,400 hivi. Naona kazi za kufundisha kwenye simuleta (mashine ya kuigiza ndege) wale wanaoenda kurusha ndege za mashirika, na kila siku unalala kwako. Naomba tu hivi hivi au kuna cheti kingine? Msaada jamani.

---

Kaka, pole na hongera kwa hayo masaa, si mchezo. CFI inakuruhusu kumfundisha mtu aanze sifuri mpaka leseni ya biashara, lakini ile kozi ya ATP CTP ambayo FAA (mamlaka ya anga ya Marekani) wanataka kila mtu aipitie kabla ya mtihani wa nadharia wa ATP (leseni ya juu ya rubani wa mashirika) ya injini nyingi, masaa 30 darasani na 10 kwenye simuleta, mwalimu wake lazima mwenyewe awe na hiyo ATP na awe amerusha miaka 2, kwa kawaida kwenye shirika la Part 121 (mashirika makubwa ya ndege ya ratiba), na huko si lazima ukapteni, hata kiti cha kulia cha rubani msaidizi kinahesabika. Ukiingia kwenye simuleta unatakiwa pia uwe na idhini ya aina ya ndege inayoigizwa pale. Hiyo CFI yako haipotei bure maana ukiwa nayo unasamehewa mafunzo ya awali ya mbinu za kufundisha.

Wengi wanaona ni usumbufu, mimi sioni hivyo. Kozi ilitokana na sheria ya 2010 baada ya ile ndege ya Colgan kuanguka karibu na Buffalo 2009, watu 50 wakafa, ndege ilipoteza mnyanyuo na kapteni akavuta usukani badala ya kushusha pua. Kitu kama hicho afundishe mtu aliyekaa kwenye ndege kubwa kweli. Malizia masaa 1,500 ya kupata ATP, ingia shirika, tunza logibuku vizuri, halafu omba.

---

Naongezea wa huku Ulaya. EASA (mamlaka ya anga ya Ulaya) wana cheti cha mwalimu wa aina fulani ya ndege, wanakiita TRI, unatakiwa masaa 1,500 kwenye ndege za marubani wawili na safari 30 za aina hiyo ndani ya miezi 12, cheti kinadumu miaka 3. Kuna SFI pia, cheti cha mwalimu wa simuleta tu, hiyo hata leseni uliyowahi kuwa nayo zamani inakubalika, kwa hiyo wazee wetu waliosimamishwa kurusha kwa sababu ya afya wasikate tamaa, waulizie.