Thrii-o-thrii ya babu: ninunue orijino au iliyokarabatiwa?

MjukuuWaKeya
Wakuu, salaam. Niko Texas mwaka wa tisa sasa, nina grini kadi. Babu mzaa baba alikuwa Keya (askari wa King's African Rifles), akavushwa bahari hadi Burma, bonde la Kabaw, 1944. Alirudi na koti, medali moja na hadithi za thrii-o-thrii yake, yaani bunduki ya Lee-Enfield inayotumia risasi ya .303, ambayo namba yake aliikumbuka kuliko tarehe za kuzaliwa wanawe. Nataka niwe nayo moja, na mara mojamoja niipeleke uwanja wa shabaha.

Nimeona Lee-Enfield No.4 mbili. Moja ya 1943, mbao zimechakaa, chuma kimepauka, muuzaji anaapa haijaguswa: dola 700. Ya pili nyeusi tii, mbao mpya, anasema "imefanyiwa upya": dola 480. Moyo uko kwa ya kwanza, mfuko uko kwa ya pili. Nishaurini.

FundiWaMtutu
Mkuu, kuna ukarabati wa jeshi na kuna ukarabati wa gereji, usivichanganye. Tazama ubavu wa kushoto wa chuma, juu ya magazini. Ukikuta herufi FTR (Factory Thorough Repair, ukarabati kamili wa kiwandani), ilirudishwa kiwandani kama Fazakerley, ikavuliwa yote, vipande vilivyokufa vikabadilishwa. Ikisomeka No.4 Mk 1/2 (Mk ni Mark, toleo), ilizaliwa Mk 1, baadaye kifyatulio kikahamishwa kutoka kwenye kikinga chake kilichoshikwa na mbao kikafungwa kwenye bodi ya chuma, maana mbao hunywa maji na kuvimba. Hiyo ni bunduki ya kupigia shabaha bila wasiwasi. Ila ukikuta hakuna alama yoyote na maandishi ya zamani yamelika kama sabuni, ujue mtu kaipiga msasa nyumbani kwake akaiita mpya.

Mkusanyaji_77
Hapo kwenye FTR nakupinga kidogo. Kwa kupiga, sawa. Kwa kumbukumbu, ile dola 220 ya juu unalipia mikwaruzo yenyewe, na vanishi ikishapita haikurudishii. Ila mjukuu, "haijaguswa" nalo ni neno la dukani. Linganisha namba ya nyuma ya mkono wa komeo (kile chuma unachovuta kupakia risasi) na ile ya kwenye shingo ya chuma panapoingia kitako. Zikitofautiana, orijino yako ina kiungo cha marehemu mwingine.

FundiWaMtutu
Na hilo la komeo si la urembo. Kati ya uso wa komeo na kitako cha risasi kuna nafasi iliyopimwa. Komeo la kuazima likiizidisha, ganda hupasuka kwa nyuma ukiwa umeweka shavu palepale. No.4 ina vichwa vya komeo vya saizi 0 hadi 3 kwa kurekebisha hilo. Mpe fundi mwenye kipimo kabla hujapiga hata risasi moja. Ukiona herufi DP, hiyo ilikuwa ya kufundishia gwaride. Usiipige kamwe.

Bi Mkubwa Houston
Mwanangu, una watoto nyumbani? Kabati la chuma lenye kufuli kwanza, bunduki baadaye.

KiprotichTu
Dola 700! Huku kwetu Kenya polisi wa akiba wamezibeba miaka nenda rudi, tunaziita Mark Four. Na usije ukajaribu kuileta nyumbani ndani ya mzigo wa mitumba, utalala ndani.

Jangala
Kwa nini asichukue M1 Garand, bunduki ya jeshi la Marekani, kwa CMP (Civilian Marksmanship Program, wauzaji wa bunduki za zamani za jeshi) kule Alabama? Wanazipanga kwa madaraja, na yenye mtutu mpya wanakwambia wazi ni mpya.

Mkusanyaji_77
CMP wanataka raia, yeye ana grini kadi. Tena babu yake hakuwa Mmarekani. Mjukuu, swali ambalo hakuna aliyeuliza: hiyo ya babu pua yake ilikuwaje? No.4 mtutu unachungulia mbele kidogo. No.1 Mk III, Lee-Enfield ya zamani zaidi, pua ni butu, mbao na chuma vimefika mwisho.

MjukuuWaKeya
Nimerudi. Nimelala na hilo swali, nikampigia baba. Leo asubuhi kanitumia picha ya babu na wenzake watatu. Pua butu, zote nne.

Dukani nilishapita jana. Ile ya 480 ina FTR na namba zinalingana. Ile ya 700 "isiyoguswa" komeo lina namba nyingine kabisa. Muuzaji kanijibu eti ilibadilishwa vitani. Nilikuwa nimeshatoa kishika uchumba cha dola 50 kwa ile ya FTR. Nimemwomba anirudishie, kakubali kwa kununa. Sasa nasaka No.1 Mk III.

FundiWaMtutu
Vizuri. Utakutana na nyingi za Ishapore, India. Yenye magazini ya mraba ni 2A au 2A1, iliyoanza kutengenezwa miaka ya 1960, inakula risasi ya 7.62, siyo 303. Iliyozungushiwa waya mbele ilikuwa ya kurushia guruneti, mtutu wake umeteswa. Na ukipata risasi za zamani za jeshi, ukimaliza kupiga mimina maji ya moto ndani ya mtutu, kausha, paka mafuta siku hiyohiyo. Chumvi yake haingoji kesho.

Bi Mkubwa Houston
Kabati umenunua?

MjukuuWaKeya
Jumamosi, mama.