Taifodi ya kuku imethibitishwa kwa jirani, itafikaje bandani kwangu?

Mwenye mada:
Banda la jirani liko kama mita 60 kutoka langu. Mizoga ilipopasuliwa, maini yalikuwa yamevimba, rangi ya shaba yenye ukijani, na maabara imethibitisha taifodi. Wangu ni kuku 400 wa mayai, bado wazima. Upepo unaweza kuuleta? Niwape antibayotiki mapema?

Jibu 1:
Upepo si wa kuuhofia sana hapa. Mycoplasma, bakteria wa ugonjwa wa kupumua, ndiyo husambaa kwa hewa. Salmonella Gallinarum, bakteria wa taifodi ya kuku, hutoka zaidi kwenye kinyesi, kwa hiyo hubebwa na kilichokigusa: viatu, magunia ya chakula, kreti, matairi. Tenga buti zisizotoka nje ya banda, uzivae mlangoni. Beseni la dawa peke yake halitoshi, maana klorini ikikutana na kinyesi huishiwa nguvu. Sugua soli kwa brashi na sabuni kwanza, ndipo ukanyage dawa. Klorini ya 5%: sehemu 1 kwa sehemu 9 za maji. Ibadilishe kila siku, au mara tu ikichafuka, na uiweke kivulini.

Jibu 2:
Wengi husahau trei za mayai. Za karatasi haziwezi kuoshwa zikasafika, kwa hiyo zikishatoka zisirudi. Mnunuzi aishie getini.

Kubalianeni pia na jirani kuhusu mizoga. Ikitupwa ovyo, mbwa, kunguru na panya wataisambaza. Ichomwe au ifukiwe kwa kina. Kwako ziba kila tundu linalozidi milimita 6, panya wadogo hupenya hapo.

Mwenye mada:
Asanteni. Na antibayotiki je?

Jibu 3:
Usiwape kuku wazima. Hazizuii bakteria kuingia kesho, zinajenga usugu, na mayai yatabaki na masalia ya dawa. Hata kuku mgonjwa akitibiwa akapona, anaweza kubaki mbebaji na kuendelea kumwaga bakteria, hivyo usinunue kuku "waliopona" kwa jirani hata kwa bei ya kutupa. Kuhusu 9R, chanjo ya taifodi ya kuku yenye bakteria hai waliodhoofishwa, muulize daktari wa mifugo, maana kuku wako tayari wanataga. Ukichanganya na antibayotiki, chanjo hufa.

Ukiona kuku wanazubaa, vilemba vimepauka na kinyesi ni cha njano-kijani, peleka maabara mizoga miwili mitatu ya siku hiyohiyo kabla ya kutoa dawa yoyote. Dawa ikitangulia, bakteria huenda wasiote kwenye kipimo.