Tupeane uzoefu: keneli imewaka, kadi ya mtandao imegoma

Fundi Nyakato:
Wakuu, heshima kwenu. Natengeneza kompyuta hapa Mwanza, nyingi za mtumba. Linux inawaka vizuri, ila ukiandika `ip link`, amri ya kuorodhesha kadi za mtandao, unaona `lo` peke yake, ile ya ndani ya kompyuta yenyewe. Wengi hukimbilia kubadilisha kebo. Jina la kadi lisipoonekana kabisa, kebo haihusiki, tafuta kwenye draiva, yaani programu inayoiendesha kadi. Wenzangu mliipataje sababu?

Naanza mimi. Mfanyabiashara wa dagaa pale Mwaloni Kirumba ana seva ndogo ya mauzo. Baada ya kusasisha keneli, kiini cha Linux, mtandao ukapotea. `lspci -nnk`, inayoorodhesha vifaa na draiva zake, ilionyesha kadi ipo, lakini haina draiva inayoiendesha. Kwenye `dmesg`, yaani ujumbe wa keneli, nikakuta r8169, draiva ya kadi hiyo, imeshindwa kuanza, kosa -49, na mstari wa juu yake unasema draiva ya PHY (sehemu ya kadi inayoongea na kebo) haikupatikana, huenda moduli ya realtek (kipande cha keneli kinachopakiwa kando) iongezwe kwenye initramfs, ule mfumo mdogo wa mafaili unaopakiwa kwanza kompyuta inapowaka. Yaani r8169 ilipakiwa mapema kutoka initramfs, wakati realtek imebaki kwenye diski ambayo bado haijafunguliwa. Nikatoa r8169, nikapakia realtek kwanza, kisha nikairudisha. Kadi ikaamka papo hapo. Nikaongeza realtek kwenye initramfs na kuijenga upya. Mzee alishatenga hela ya kadi mpya!

Dada wa Igoma:
Asante fundi. Yangu ilikuwa kosa -2, maana yake faili halipo. Na faili la fimwea (programu ya ndani ya kadi) lipo, nalitazama kwa macho ndani ya `/lib/firmware`! Jibu lilikuwa kwenye zile saa za pembeni mwa `dmesg`: draiva imeomba fimwea kabla mfumo mkuu wa mafaili haujafunguliwa, kwa sababu ilijengwa ndani ya keneli. Nikaijenga kama moduli, ikatulia. Tangu hapo nasoma saa kabla ya maneno.

Kijana wa Nyegezi:
Chuoni tulirithi draiva ya kadi ya majaribio kutoka kwa waliotutangulia. Ikipakiwa kompyuta inapowaka, safi. Ukiipakia kwa mkono baadaye, keneli inaanguka, tena si kila mara. Hiyo "si kila mara" ndiyo iliyotutesa. Kufuatilia orodha ya miito, yaani kazi zilizoitwana hadi keneli ikaanguka, tukakuta `register_netdev`, inayosajili kadi kwenye keneli, inaitwa katikati ya probe (hatua ya draiva kuandaa kadi), kabla foleni za kupokea pakiti hazijatengewa kumbukumbu. Ukishasajili kadi, yeyote anaweza kuifungua sekunde hiyohiyo, na NetworkManager, programu ya kusimamia mtandao, ikishakuwa kazini haisubiri. Kompyuta inapowaka NetworkManager ilikuwa bado haijaanza, ndiyo maana tulinusurika. Tukapeleka usajili mwisho kabisa wa probe. Wanaojifunza kuandika draiva, hili nawasihi mlishike.

Mkazi wa Ukerewe:
Kwangu draiva ilikuwa nzima. Jina limetoka eth0 kuwa enp2s0, mipangilio bado inatafuta eth0. `dmesg` ilikuwa imeliandika hilo wazi.

Mgeni Buzuruga:
Shikamooni wakubwa. Adapta yangu ya mtandao ya USB inatoa kosa -110. Nianzie wapi?

Fundi Nyakato:
Marahaba mdogo wangu. -110 ni muda umeisha, keneli imeuliza na kifaa hakijajibu. Chomeka moja kwa moja kwenye kompyuta, bila kigawanyishi cha USB, maana umeme ukipungua adapta huwa kimya. Ikigoma, weka hapa `dmesg` nzima, usikate mwanzo wake.