Mjadala: Mama wa nyumbani athibitisheje mahakamani kwamba naye alichuma?

Mtoa hoja, Morogoro

Ndugu wasomaji, naomba tujadili jambo ambalo watafiti wa jinsia na mahakama zetu wamelishughulikia kwa miaka mingi, kila upande kivyake: ndoa inapovunjika, mke ambaye hakuwa na mshahara athibitishe kwa kitu gani kwamba mali ile na yeye aliichuma?

Nilipokuwa mdadisi katika utafiti wa kaya, nilimkuta mama mmoja barazani akichambua mchele, mtoto mgongoni, sufuria ya maharage ikitokota nyuma yake, na kila baada ya muda akiinuka kuongeza maji. Nilipomuuliza swali la dodoso, "Unafanya kazi gani?", alijibu bila kuinua macho kwenye ungo, "Sina kazi, nipo tu nyumbani." Nami nikaandika hivyohivyo. Dodoso la matumizi ya muda, ambalo humtaka mhojiwa aisimulie siku yake saa kwa saa, lilibuniwa kuziba pengo hilo, na Tanzania ililitumia ndani ya utafiti wake wa nguvu kazi mwaka 2006 na tena 2014. Kabla ya hapo, mwaka 1988, Marilyn Waring, mwanasiasa na mwanazuoni wa New Zealand, alikwisha kuonyesha jinsi hesabu za pato la taifa zinavyoiacha nje kazi ya namna hii. Mpaka leo kanuni za hesabu hizo zina kichekesho: mama akiteka maji kisimani, kazi hiyo inastahili kuhesabiwa, akiyabandika jikoni maji hayohayo awapikie watoto uji, haihesabiwi.

Sheria yetu haiko nyuma kiasi hicho. Kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinaitaka mahakama iangalie mchango wa kila mmoja, uwe wa fedha, mali au kazi, na mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani chini ya Jaji Mkuu Nyalali ilitamka kwamba kazi za nyumbani nazo ni mchango. Wanaolitaja shauri hilo kwa furaha husahau kwamba Bi Hawa mwenyewe hakuambulia sehemu ya nyumba, kwa kuwa mahakama iliona fedha alizopewa na mumewe kwa mradi wa familia alikuwa amezitapanya. Hoja yake ilikubaliwa, rufaa yake ikatupwa. Ninachopendekeza ni mzigo wa kuthibitisha ugeuzwe: katika ndoa iliyodumu tuanzie nusu kwa nusu, na anayepinga ndiye alete ushahidi.

Mchangiaji, Nairobi

Kaka, nia yako naiheshimu ila siungi mkono. Sisi huku tumepigwa pande zote mbili. Mwaka 2007, katika shauri la Echaria, Mahakama ya Rufaa ilikataa kuyahesabu majukumu ya mke wa balozi kuwa mchango, ikampunguzia mama huyo kutoka nusu hadi robo. Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 ikaja kurekebisha, ikataja waziwazi kazi za nyumbani, malezi ya watoto na kazi ya shamba. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu ikasema usawa wa wanandoa katika Katiba haumaanishi nusu kwa nusu ya moja kwa moja, huku ikimwachia mke wa shauri lililokuwa mbele yake nusu yake, maana mchango wake ulikuwa umethibitika. Hapo ndipo ninaposimama mimi.

Hebu mfikirie mwanamke anayeuza mitumba katika soko la Gikomba, anayeamka saa kumi alfajiri kuwahi marobota yakifunguliwa, analipa kodi ya nyumba na karo, na akirudi jioni ndiye anayepika, ilhali mumewe ameshinda kwenye drafti. Kwa kanuni yako, huyu anaanza kwa kumkatia mume nusu, kisha ndipo ahangaike kujinasua. Watafiti wengi, na samahani kama nawakosea, humwendea mke wakiwa wameshaamua kwamba ni tegemezi.

Mchangiaji, Mombasa

Kwetu Waislamu, kifungu cha 3 cha sheria hiyo ya Kenya kinaturuhusu kufuata sheria yetu, ambamo mali ya mke ni yake, ya mume ni yake, na nafaka, yaani matunzo ya mke, ni juu ya mume. Nawakumbusha jambo moja tu. Kwa madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa pwani hii, kupika na kufua si wajibu wa mke kisheria. Akifanya ni ihsani yake. Kwa hiyo anayemwambia mke mahakamani "ulikuwa ukitimiza wajibu wako" asiuegemeze wajibu huo kwenye dini.

Mtoa hoja

Dada wa Nairobi, mfano wa Gikomba umenibana, lakini nadhani haujanivunja. Mwanamke huyo ana stakabadhi za karo, ana jumbe za M-Pesa za kodi ya kila mwezi. Akitakiwa kupinga, ushahidi anao mkononi. Yule mama wa mchele alikuwa na ungo. Kazi yake inaliwa siku hiyohiyo na vyombo vinaoshwa, hivyo tukimdai uthibitisho baada ya miaka ishirini atabaki kutegemea majirani, kama bado wako hai na kama bado wanaelewana. Ndiyo maana nataka adaiwe yule ambaye kazi yake huacha karatasi, awe mume au mke.

Sheikh wa Mombasa, nakushukuru. Ulilolisema linawahusu hata wasiofuata madhehebu yako, kwa kuwa hoja ya wajibu imetumika sana kuyazima madai ya wake.

Nakiri hata hivyo kwamba nimeandika "ndoa iliyodumu" bila kusema miaka mingapi. Mwenye pendekezo, hasa mwanasheria, atuwekee hapa.