MREJESHO: Nilihamia kwenye kazi ya kodi Arusha

Wakuu, mwezi wa tatu niliwauliza kama niache ofisi ya mawakili Moshi nikafanye kodi kwenye kampuni kubwa ya wahasibu Arusha. Nilienda. Aliyenionya kwamba nitashinda na mahesabu kuliko sheria alisema kweli. Wiki mbili za mwanzo sikugusa kifungu hata kimoja.

Ila juzi kaja mzee mwenye magari ya watalii na makadirio ya kodi ya TRA (mamlaka ya mapato), siku ya 27 kati ya 30 za kuweka pingamizi, na ile theluthi ya kodi inayotakiwa ili pingamizi lipokelewe hajalipa. Tulikesha na risiti zake za mafuta, zimefifia mpaka tunazimulika kwa tochi ya simu. Akalipa, pingamizi likapokelewa siku ya 29. Mzee alinishika mkono, hakusema kitu.

Moshi sirudi. Asanteni sana.